Nilifuta mipangilio yote ya edita yangu nikaanza na faili tupu, haya ndo yaliyobaki (uzi mrefu)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu salama? Nashusha uzi mrefu kidogo, mnivumilie, maana hili jambo limenikaa rohoni na naona wengi wanaoanza kuandika kodi za programu wanapita njia ileile niliyopita mimi.

Kwa miaka kama mitatu nilitumia mipangilio ya edita (programu ya kuandikia kodi) ambayo sikuiandika. Nilimwona mtu kwenye video, edita yake inang'aa, chini kuna mstari wenye ikoni, pembeni mti wa mafaili, akiandika herufi mbili inammalizia neno, nikasema hii hii. Nikachukua faili lake zima, mistari 1,400 na ushee, nikabandika kwangu. Ikafanya kazi. Na hapo ndo nilipokosea, kwa sababu kitu kikishafanya kazi nani anakaa kukisoma?

Siku moja asubuhi nimesasisha plagini (viongezo vya edita), nafungua edita naona maandishi mekundu yamejaa skrini nzima, na kuna marekebisho yanasubiriwa kabla ya mchana. Nikaingia kwenye lile faili kutafuta kosa na sikujua hata pa kuanzia, majina ya vitu sivijui, sehemu zinaitana zenyewe kwa zenyewe, nikibadilisha hapa panavunjika kule. Nikaamua bora niingie moja kwa moja kwenye seva nirekebishe huko na Vim tupu (edita ya kwenye teminali, yaani dirisha la amri, bila mipangilio yangu), na hapo ndo nikaumbuka kabisa, vidole vilikuwa vimezoea shotikati (vibonye vya mkato) za mtu mwingine ambazo kule hazipo. Nilishindwa hata kubadilisha neno moja kwenye mistari kumi. Miaka mitatu natumia chombo kila siku na sikijui.

Usiku ule nilifuta kila kitu. Sikuhamishia pembeni, nilifuta. Tangu hapo nina sheria moja tu, na ndo sababu ya uzi huu: kwenye faili langu hakuna mstari ambao ukiniuliza huu ni wa nini nitakosa jibu.

Nitaeleza nilivyoijenga upya, na kwenye rangi nitakaa sana kwa sababu huko ndo nilikojifunza kwa maumivu. Natumia Neovim, edita iliyotokana na Vim, ila VS Code, edita nyingine, naifungua kila wiki kwa kazi fulani, kwa hiyo nitagusa zote mbili. Wa Emacs na edita nyingine nadhani mtaelewana na mimi tu, mambo ni yaleyale.

#2 Mdau

Nimeshakaa siti ya mbele. Ila mkuu ulianzaje? Mimi nikifungua edita tupu najiona kama nimefungwa mikono, siku mbili tu narudi kulekule.

#3 Mwanzisha uzi

Swali zuri sana. Niliweka karatasi kando ya kibodi. Kila kitu kikinikera naandika, sirekebishi hapohapo. Kikinikera mara ya tatu ndo natafuta mstari wa kukitatua, nasoma maelezo yake kwenye msaada wa edita yenyewe (`:help` ya Vim imeandikwa vizuri kuliko video zote nilizowahi kutazama), halafu nauweka pamoja na komenti (maelezo ya kusomwa na mtu, kompyuta inayaruka) ya kueleza nimeuweka kwa nini.

Wiki ya kwanza iliisha nikiwa na mistari tisa tu. Namba za mistari, tabo kuwa nafasi, na ile ya kutafuta neno bila kujali herufi kubwa na ndogo isipokuwa nikiandika herufi kubwa mwenyewe, yaani `ignorecase` ikifuatana na `smartcase`. Vitu vidogo vidogo hivi. Ila kuna mmoja nataka niuseme kwa jina kwa sababu ningeujua mapema ungeniokoa mara nyingi: `undofile`. Ukiuwasha, edita inaandika historia ya mabadiliko yako kwenye diski. Unafunga faili, unazima kompyuta, kesho unafungua, unabonyeza `u` na linarudi nyuma mpaka ulikoandika jana saa tano. Ulikuwa umefuta kipande ukidhani hukihitaji, unakikuta. Mstari mmoja huo. Kwenye ile mipangilio ya 1,400 haukuwepo, kwa sababu mwenyewe labda hakuwahi kuuhitaji.

Kuhusu shotikati sasa. Watu wanadhani vibonye vya `h j k l` vya kuzungushia kasa (alama ya mahali unapoandika) kwenye vi, edita iliyomzaa Vim, vilipangwa na jopo la wataalamu. Hapana. Bill Joy alipokuwa anaandika vi mwaka 1976 alikuwa anatumia teminali ya ADM-3A, na teminali ile haikuwa na vibonye vya mishale peke yake, mishale ilichorwa juu ya herufi hizo nne. Tena Escape yake ilikuwa pale ambapo sisi leo tuna Tab, karibu kabisa na kidole. Ndo maana ikapewa kazi nyingi hivyo. Sisi tumerithi kazi ya Escape lakini kibonye chenyewe kimehamia kona ya mbali, halafu tunashangaa vidole vinachoka. Mimi nimeifanya Caps Lock iwe Escape, kwa mfumo mzima wa kompyuta siyo kwa edita tu, na nilipoijua hii hadithi ndo nikaona nimekirudisha jirani na kwao.

Kwa hiyo hata hizo shotikati tunazoziona kama sheria zilikuwa za mtu kupanga kazi kulingana na kibodi iliyo mbele yake. Na wewe una yako mbele yako.

Leo, miezi minane baadaye, faili lina mistari kama 160, na kati ya hiyo theluthi nzima ni komenti.

#4 Mdau mwingine

Mkuu njoo kwenye rangi, ndo nilichofungulia uzi. Nimeshajaribu mandhari (seti za rangi za edita) labda arobaini, kila moja naipenda siku tatu.

#5 Mwanzisha uzi

Haya nakuja, na hapa sitakuwa na haraka.

Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo, kila Jumatatu mandhari mpya. Nilikuwa nachagua kwa kuangalia picha, ipi inapendeza. Iliyobadilisha kila kitu ni siku niliyoharibu data.

Kulikuwa na fankisheni inayotoa safu za jedwali kwenda faili la CSV (maandishi yenye safu zilizotenganishwa kwa koma). Nikaona mpangilio wa safu haueleweki, nikaupanga kwa alfabeti, majaribio yakapita, nikatuma. Kumbe kuna programu nyingine upande wa pili inasoma lile faili kwa nafasi, safu ya tatu ni ya tatu, haitazami jina. Siku nzima kiasi kikawa kinaingia penye idadi na idadi penye kiasi. Tulikesha kusafisha. Na tulipofungua ile fankisheni kutafuta nani wa kulaumiwa, juu yake palikuwa na komenti ya mistari miwili: usibadilishe mpangilio huu, upande wa pili wanasoma kwa nafasi.

Ilikuwepo. Mwenzangu aliiandika miaka miwili kabla kwa ajili yangu kabisa. Nilipita juu yake mara kumi siku ile na sikuiona, kwa sababu kwenye edita yangu komenti zote zilikuwa za kijivu cha bluu kwenye giza, zimefifia makusudi, na macho yalishazoea kuziruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nikaenda kupima. Msingi wangu, yaani rangi ya nyuma ya maandishi, ulikuwa `#282a36` na komenti `#6272a4` (hizo ni namba za rangi). Kuna kipimo cha utofauti wa mwanga kati ya maandishi na msingi wake, kile cha WCAG, muongozo wa kufanya kurasa zisomeke na watu wote, na wanasema maandishi ya kawaida yawe angalau 4.5 kwa 1. Yangu yalitoka 3 kwa 1. Yaani ningekuwa natengeneza tovuti ningerudishiwa kazi, ila kwenye chombo ninachokitazama saa nane kwa siku nilikubali tu.

Nikabadilisha komenti ziwe `#8b9bd0`, ni rangi ya ukoo uleule ila imepandishwa mwanga, inapata 5 na kidogo kwa 1. Kwenye VS Code huhitaji kutengeneza mandhari nzima, unaongeza hii kwenye settings.json:

```
"editor.tokenColorCustomizations": {
  "comments": "#8b9bd0"
}
```

Kwenye Vim na Neovim ni hivi:

```
augroup rangi_zangu
  autocmd!
  autocmd ColorScheme * highlight Comment guifg=#8b9bd0 ctermfg=110
augroup END
```

Iwe JUU ya mstari wa `colorscheme`, siyo chini. Inasubiri mandhari ipakiwe ndo inaweka rangi yako, ukibadilisha mandhari katikati ya kazi inarudi yenyewe. Ukiweka `highlight` peke yake bila hiyo autocmd, mandhari ikipakiwa tena inakufutia, na hapo utakaa nusu saa unajiuliza mbona jana ilikubali. Ukitaka kujua nani kaweka rangi fulani andika `:verbose hi Comment` itakutajia mpaka faili. VS Code nayo ina kitu cha aina hiyo, fungua orodha ya amri utafute Inspect Editor Tokens and Scopes, ukiweka kasa juu ya neno inakuonyesha rangi imetoka kanuni ipi.

Baada ya hapo nikaanza kujiuliza kila rangi inaniambia nini. Maneno ya lugha kama `if` na `return` yalikuwa ya waridi inayopiga kelele, wakati hayo hata ukiyaacha meupe siyapotezi. Jina la fankisheni linapotangazwa ndo nalitafuta kutwa nzima, na lilikuwa rangi moja na linapoitwa. Nikageuza: linapotangazwa ni zito na la njano, linapoitwa ni la kawaida. Maneno ndani ya nukuu kijani. Namba chungwa. Komenti zinang'aa. Basi, mengine yote rangi moja. Skrini ikatulia, na kwa mara ya kwanza rangi ikawa inanionyesha kitu badala ya kupamba tu.

Na hili la kutenganisha linapotangazwa na linapoitwa siku hizi linawezekana kirahisi kwa sababu ya Tree-sitter na seva za lugha (programu zinazoielewa kodi na kuiambia edita). Zamani edita nyingi zilipaka rangi kwa kufananisha maandishi tu, mstari kwa mstari, hazikujua hasa neno ni nini. Tree-sitter inachambua faili zima kuwa mti, inajua hiki ni kigezo cha fankisheni na hiki ni kigeu cha kawaida.

Kwa wewe wa mandhari arobaini: soma kuhusu Solarized kabla hujaendelea kuhama. Ethan Schoonover aliitoa 2011, rangi 16 tu, nane za msingi na maandishi, nane za kukolezea, na zile za msingi alizipanga mwanga wake kwa ulinganifu kiasi kwamba unageuza kutoka giza kwenda mwanga na rangi za kukolezea zinabaki zilezile. Huna haja ya kuitumia, mimi siitumii, komenti zake kwangu bado hafifu. Ila ukimsoma mtu aliyefikiria kila rangi kwa nini iko pale, hutachagua tena kwa kuangalia picha.

#6 Mdau

Napingana kidogo hapo kwenye komenti. Kodi nyingi ninazorithi komenti zake ni takataka, zimepitwa na wakati, zinasema hiki na kodi inafanya kile. Zikianza kung'aa zitanipoteza zaidi. Zififie tu nisome kodi yenyewe.

#7 Mwanzisha uzi

Nimekuelewa mkuu na kodi za hivyo ninazo. Ila fikiria kwa nini komenti zinaoza. Ni kwa sababu hakuna anayeziona. Mtu anarekebisha fankisheni, komenti iko palepale juu, imefifia, hana habari nayo. Tangu nimezing'arisha mimi nafuta komenti za uongo karibu kila siku, maana zinanikera macho. Na zile mpya naziandika fupi na kwa uangalifu kwa kuwa najua zitakuwa kitu cha kwanza kuonekana.

Kwa faili lenye fujo kabisa nina shotikati ya kuzizima kwa muda zirudi kuwa hafifu. Naitumia labda mara moja kwa wiki.

#8 Mdau

Mimi sioni vizuri tofauti ya nyekundu na kijani, nimezaliwa hivyo. Nikilinganisha matoleo ya faili, kila mandhari mstari uliofutwa mwekundu, ulioongezwa kijani, kwangu yote ni kahawia. Nimekuwa nasoma kwa kutazama alama ya kujumlisha na kutoa pembeni. Miaka yote nimeona ni mimi tu wa kuvumilia, sikuwahi kufikiria kubadilisha.

#9 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu usivumilie hata siku moja zaidi, na wala hauko peke yako. Kasoro hii iko sana kwa wanaume kwa sababu jeni zake ziko kwenye kromosomu X na sisi tunayo moja tu. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini wanakadiria mwanaume mmoja kati ya 12 hivi. Kwa hiyo kwenye timu ya kawaida tu uwezekano ni mkubwa kuna mwenzako yuko hivyo na amenyamaza.

Weka bluu na chungwa, kwenye settings.json ya VS Code:

```
"workbench.colorCustomizations": {
  "diffEditor.insertedTextBackground": "#2f6fb555",
  "diffEditor.removedTextBackground": "#d9822b55"
}
```

Zile herufi mbili za mwisho ni kiwango cha kupenya kwa mwanga, usiziondoe la sivyo zitafunika maandishi. Kwa makosa na maonyo usitegemee rangi peke yake, yawekee mstari wa mawimbi chini au ikoni tofauti. Jaribu halafu urudi hapa utuambie, maana nilizichagua kwa macho yangu na wewe ndo utajua kama zinatengana kweli.

#10 Mdau

Naomba kuongeza, msichanganye mipangilio ya mtu na ya mradi. Mimi niliwasha kupangilia kodi kila nikihifadhi, nikafungua faili la watu nikarekebisha neno moja, nikatuma bila kuangalia, ikaonekana nimebadilisha mistari 900. Aliyetakiwa kuikagua alinirudishia bila hata kusoma, na alikuwa na haki.

#11 Mwanzisha uzi

Kweli kabisa. Nafasi mbili au nne, tabo, mwisho wa mstari, hayo ni makubaliano ya timu, yakae kwenye `.editorconfig` ndani ya mradi ambako edita nyingi zinayasoma, nyingine kwa plagini. Kwako binafsi vibaki vitu ambavyo mwingine hawezi kujua umevibadilisha. Rangi, fonti, shotikati, namna ya kutafuta. Kipimo changu ndo hicho: kama mwenzangu ataona athari yake kwenye kodi, siyo changu peke yangu.

#12 Mdau mwingine

Na kuhifadhi je? Laptopu yangu ilikufa nikapoteza kila kitu.

#13 Mwanzisha uzi

Git, chombo cha kutunza historia ya mafaili. Tengeneza folda moja, weka mafaili yako humo, halafu unganisha kwa `ln -s` kwenda mahali edita inakoyatafuta, au tumia GNU Stow ikufanyie hiyo kazi. Komiti (hifadhi kwenye historia) kila badiliko peke yake na useme kwa nini. Nikiharibu kitu narudi nyuma komiti moja na kazi inaendelea. Lile faili linalofunga matoleo ya plagini nalo liweke humo, ndo lingeniokoa ile asubuhi niliyoisimulia mwanzo.

Ila kabla hujaiweka hadharani pitia mstari kwa mstari kama hakuna tokeni (ufunguo wa siri wa huduma) wala nywila. Na ukigundua umeshaituma, kuifuta kwenye faili haitoshi, historia ya Git inayo bado. Nenda kaifute kule ilikotolewa, chukua mpya.

Na ukivunjikiwa: `nvim --clean` inafungua bila mipangilio yako, ukiona tatizo limepotea basi ni lako. VS Code ina Extension Bisect, inazima nusu ya plagini inakuuliza bado lipo, inazima nusu ya waliobaki. Ukiwa na 32 unampata mkosaji kwa hatua tano.

#14 Mdau wa #4

Mkuu nimeweka ile ya Neovim. Nje ya tmux (programu ya kugawa teminali moja kuwa madirisha mengi) komenti ziko safi. Ndani ya tmux rangi zote zimekuwa za ajabu, ile uliyotoa inakuja kama zambarau iliyopauka.

#15 Mwanzisha uzi

Hiyo ni tmux haijui kwamba teminali yako inaweza rangi kamili. Inazibana ziingie kwenye 256, na katika hizo 256 zile 16 za kwanza ni za teminali yenyewe, 216 ni mchemraba wa 6 kwa 6 kwa 6, 24 ni vijivu, kwa hiyo rangi yako inasukumwa kwenye iliyo jirani. Kwenye `~/.tmux.conf`:

```
set -g default-terminal "tmux-256color"
set -as terminal-features ",xterm-256color:RGB"
```

Hapo kwenye `xterm-256color` weka kile unachokipata ukiandika `echo $TERM` ukiwa NJE ya tmux. Na kwenye Neovim hakikisha `termguicolors` imewashwa. Halafu `tmux kill-server`, kufunga dirisha tu hakutoshi, ila hifadhi kazi zako kwanza maana inazima vyote.

#16 Mdau wa #4

Imekubali mkuu, asante sana. Komenti zote sasa zinaonekana. Kuna moja hapa kwenye faili ninalolishika kila siku, sijawahi kuiona, inasema muda wa kusubiri hapa umewekwa kwa majaribio tu urudishwe kabla ya toleo. Toleo lilishatoka mara sita. Ngoja nikawaulize wenzangu.